Lenzi zikiwasha, si lazima macho yamekataa plastiki

Hapa Goma mtu akilalamika kwamba lenzi za macho, zile zinazovaliwa juu ya jicho badala ya miwani, zinamuwasha, huambiwa: "Macho yako yanakataa plastiki." Imani ya zamani, na kwa sehemu kubwa si kweli. Mzio wa plastiki yenyewe ni nadra sana. Vumbi letu jeusi la lava likiingia chini ya lenzi (aliyepanda pikipiki mtaani Birere wakati wa kiangazi analijua) linakwaruza tu. Huo si mzio.

Mzio wenyewe mara nyingi hutokana na kilichoganda juu ya lenzi: protini za machozi na chavua. Ukope wa juu husuguliwa kila unapopepesa, ndani yake panaota vipele, ute unatoka, lenzi inateleza kwenda juu. Au ni dawa ya kusafishia. Zamani nyingi zilikuwa na thimerosali, kihifadhi chenye zebaki, kilichowasha macho ya wengi. Lawama ikaangukia lenzi.

Kwa hiyo kabla ya kuzitupa, mwambie daktari unazisafishia nini na unazivaa kwa muda wa saa ngapi. Za kutupwa kila siku husaidia, ingawa bei yake inauma. Kuzisafisha kwa maji ya ziwa au ya bomba, kamwe. Jicho likiuma na kuogopa mwanga, vua lenzi, nenda hospitali siku hiyohiyo.