Je, wajua kwa nini matunda ya furu hayachachi ndani ya pombe kali?

Ponda furu au zambarau, uziloweke kwenye maji. Kwa joto la Tabora, siku chache tu povu limepanda na harufu imegeuka. Matunda yaleyale yakilowekwa kwenye pombe kali hukaa miezi bila kuharibika, na chupa inazidi kunukia.

Kazi yote ni ya chachu, vijidudu vinavyokaa kwenye ganda la tunda tangu likiwa mtini. Vikipata maji na sukari, hula sukari na kutoa gesi na kilevi. Ndivyo wanzuki inavyopatikana: asali iliyokomaa haichachi kwa sababu maji yake hayafiki hata asilimia 20, lakini ukiizimua, chachu inaamka. Tatizo la chachu ni kwamba kilevi inachokitoa ndicho kinachoiua. Kikifika asilimia 15 hivi, nyingi hushindwa. Sasa pombe kali ya dukani huwa na asilimia 35 au zaidi. Hapo chachu haina pa kuanzia.

Kinachonivutia zaidi ni rangi na harufu. Kilevi hupatana na maji na pia hupatana na mafuta. Kwa hiyo huvunja utando laini unaofunika kila chembe ya tunda, na ile rangi ya zambarau inayobaki kwenye ndimi za watoto inamwagika nje. Viini vya harufu, ambavyo vingi haviyeyuki vizuri kwenye maji, navyo hufuata. Weka chupa gizani, maana mwanga hufifisha rangi hiyo.

Wengi huharibu kwa kujaza matunda kupita kiasi. Chukua lita moja ya pombe ya asilimia 35, utie nusu kilo ya nyama ya tunda. Sehemu kubwa ya nyama hiyo ni maji, tuseme mililita 400. Kilevi kimeshuka hadi asilimia 25. Ongeza mililita 300 za asali, unabaki na 20 hivi. Bado ni salama, ila ukizidisha tena unaikaribisha chachu. Na kwa mkoa wenye asali ya miombo kama ya Sikonge na Urambo, mimi sioni sababu ya kutia sukari ya dukani. Asali itie mwishoni, ukishachuja, uonje kidogo kidogo.

Usitumie gongo kabisa. Kuipika bila leseni ni kosa kisheria, na isitoshe inaweza kuwa na methanoli, sumu inayopofusha na kuua. Kuloweka matunda hakuiondoi, na utamu wa asali unaificha tu.

Tahadhari hiyohiyo inahusu tunda lenyewe. Pombe inavuta kila kilichomo, sumu ikiwemo, kwa hiyo okota tu tunda linaloliwa na wenyeji na unalolijua vizuri: furu nyeusi zilizoiva, zambarau, ng'ong'o. Hizo ng'ong'o, Afrika Kusini wamezitengenezea pombe tamu iitwayo Amarula, inayouzwa tangu 1989, ingawa wao huchachusha kwanza, kisha huchemsha na kukusanya mvuke wa kilevi (kukeneka) na kuchanganya na krimu ya maziwa.

Wiki nne hadi nane zinatosha. Chuja kwa kitambaa safi bila kukamua sana, kwani ukikamua pombe haiwi angavu. Makapi usiwatupie kuku wala kuyaacha watoto wanapoyafikia: yamenyonya kilevi cha kutosha kulewesha.