Kaboni ya udongo ni nini, na kwa nini hupungua milima inapolimwa?

Kwenye banda la chipsi mtaani kwetu, Sinza, kijana wa kumenya viazi huanza kwa kuviosha ndooni. Vikiwa vimetoka Makete, milima ya nyanda za juu kusini, maji ya kwanza humwagwa yakiwa meusi tii. Weusi huo una jina: mboji, yaani mabaki ya majani, mizizi na wadudu yaliyooza na kung'ang'ania chembe za udongo. Zaidi kidogo ya nusu ya uzito wa mboji ni kaboni. Mmea huivuta kutoka angani ikiwa hewa ya ukaa, huijengea mwili wake, kisha hufa na kuiacha ardhini. Hiyo ndiyo kaboni ya udongo. Ukijumlisha ya dunia nzima, inazidi iliyomo hewani na kwenye mimea yote kwa pamoja.

Milimani hurundikana zaidi kwa sababu ya baridi. Hapa Dar es Salaam lundo la majani huoza upesi, joto na unyevu ni vya mwaka mzima. Uwanda wa Kitulo, huko huko Makete, mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, vijidudu vya kuozesha hufanya kazi polepole, na majivu ya volkano za kale za Rungwe huishika mboji isiozeshwe kirahisi. Mizizi ya nyasi huongeza nyingine kila mwaka.

Sasa tia jembe. Mabonge ya udongo yanavunjika, hewa inaingia, vijidudu vinapata chakula kilichokuwa kimefichwa, na kaboni inarudi angani. Kilo 1 ikiungana na oksijeni inakuwa kilo 3.67 za hewa ya ukaa. Mvua nayo inasomba tabaka la juu, lile lile lenye mboji nyingi. Mwaka 2002, watafiti Guo na Gifford walikusanya vipimo kutoka nchi mbalimbali: malisho yaliyogeuzwa mashamba yalikuwa yamepoteza wastani wa asilimia 59 ya kaboni ya udongo, na misitu ya asili iliyogeuzwa mashamba asilimia 42.

Wengi husema basi tupande miti. Kwenye shamba lililochoka, sawa kabisa. Lakini uchambuzi huo huo ulionyesha kwamba malisho yakipandwa miti, kaboni ya udongo hushuka asilimia 10. Uwanda wa nyasi si ardhi tupu inayosubiri misindano, na linaniuma kosa hilo linaporudiwa.

Shamba likirudishiwa nyasi, kaboni hupanda, ila taratibu mno kuliko ilivyotoka. Kitulo ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na nyasi zilizo ndani yake bado zinaweka akiba hiyo. Mboji hunyonya mvua kama sponji na kuiachia kidogo kidogo. Maji ya uwanda ule huteremka hadi Ruaha Mkuu, mto unaozungusha mitambo ya umeme ya Mtera na Kidatu.