Skopu ya fiksi au ya zumu? Kwanza niambie unapiga wapi na saa ngapi

Hili swali naulizwa kila wakati, na wengi wanakuja wameshaamua, wanataka tu niitikie kwamba zumu ni bora kwa sababu ina namba nyingi. Mimi kazi yangu ni kufunga skopu, yaani darubini za kulengea juu ya bunduki, na kuzipiga ziro, kuzirekebisha mpaka risasi itue pale unapolenga, na kwa mtu anayewinda vichakani, mita 150 hivi kushuka chini, fiksi ya 4 au ya 6 inamtosha kabisa, hela itakayobaki aongezee kwenye ubora wa lenzi.

Fiksi ukuzaji wake haubadiliki, 4 ni 4 mpaka uzeeke nayo. Zumu unazungusha pete, mfano 3-9x40, inavuta mara 3 mpaka mara 9 na lenzi ya mbele ina upana wa milimita 40. Ndani yake kuna lenzi zinazotembea kila ukizungusha, kwa hiyo vya kuharibika ni vingi zaidi, uzito nao unapanda, na zile za bei ya chini unaweza kukuta ziro inahama ukibadilisha ukuzaji. Kujua ni rahisi, piga risasi tatu ikiwa kwenye 3, tatu kwenye 9, uone kama matundu yamekaa sehemu moja.

Sasa mwanga, hapa ndo watu wanaumia. Chukua skopu ambayo haijafungwa kwenye bunduki, ielekeze kwenye ukuta mweupe, ishike mbali na uso kwa urefu wa mkono, utaona kiduara cha mwanga kwenye lenzi ya nyuma. Zungusha pete kwenda namba kubwa huku unakiangalia, kinasinyaa hivi hivi unaona. Hesabu yake ni upana wa lenzi ya mbele gawanya kwa ukuzaji: 40 kwa 4 unapata milimita 10, 40 kwa 9 unapata 4 na kidogo. Mboni ya kijana gizani inafunguka mpaka kama milimita 7, kwa hiyo jioni ukiwa kwenye 9 unalinyima jicho mwanga halafu unasema skopu mbovu! Wawindaji wa nguruwe pori usiku kule Ulaya hawakuipenda fiksi ya 8x56 bure, 56 kwa 8 ni 7 kamili.

Na usidhani fiksi ni ya karibu tu, wadunguaji wa jeshi la Marekani walitumia fiksi ya 10 miaka mingi kwenye bunduki zao za M24 na M40A1.

Zumu nyingi za kuwindia zina msalaba wa kulengea usiokua ukivuta, yaani unabaki saizi ileile wakati mnyama anakuwa mkubwa. Sawa tu kama unapiga katikati, ila kama unatumia zile alama zilizo chini ya kitovu cha msalaba kufidia kushuka kwa risasi basi zinasema kweli kwenye ukuzaji mmoja tu, mara nyingi ule wa juu kabisa. Alama inayopima sentimita 10 kwa mita 100 ukiwa kwenye 10, ukirudi kwenye 5 inapima 20, na wewe kwa haraka umeshasahau. Fiksi haina huo mtego.

Zumu naikubali pale bunduki moja inapofanya kazi mbili, leo kichakani, kesho shabaha ya mita 400 na unataka kuona tundu kwenye karatasi. Shida ni kuiacha imevutwa. Jamaa mmoja nilimfungia 4-16, akatoka nayo ikiwa kwenye 16, mnyama akasimama hatua arobaini, jamaa kuangalia ndani anaona manyoya tu, hajui bega ni lipi wala tumbo ni lipi, mpaka anaipata pete mnyama hayupo. Siku hizi kila zumu ninayoifunga naibandika kipande cha utepe mgumu kwenye pete, usawa wa namba ya chini, kidole gumba kinaupapasa bila kutoa jicho.