Swali la "umewahi kutiwa hatiani?" na jibu ambalo sheria inakuruhusu kulitoa

Alikuja na fomu ya kuomba kazi ya ghalani na karatasi nyingine aliyoikunja mara nne. Swali la 9 kwenye fomu lilikuwa fupi: "Umewahi kutiwa hatiani kwa kosa la jinai? Kama ndiyo, eleza." Nafasi ya maelezo ilikuwa mistari miwili, haikumtosha, ndipo akaongeza ile karatasi. Alikuwa ameijaza pande zote mbili kwa mwandiko uliobanana: namna alivyoiba bidhaa za mwajiri wake akiwa na miaka 23, kesi ilivyokwenda, miezi 6 aliyohukumiwa kwenda jela, na jinsi alivyomwomba mama yake radhi. Yote hayo yalikuwa na miaka 14. Hakuwa na kosa jingine, si kabla wala baada. "Sitaki waje kusema niliwadanganya," akaniambia.

Nikamuuliza tarehe ya hukumu, nikapiga hesabu, nikamwambia aandike "Hapana" na ile karatasi airudishe nyumbani.

Akanitazama vile mtu anavyomtazama wakili anayemfundisha uongo. Nimeshatazamwa hivyo mara nyingi. Na kwa kuwa wengi hunifikia wakiwa wameshaituma karatasi kama ile, naandika hapa nilichomweleza siku hiyo, kwa urefu zaidi.

Sheria iliyomhusu ni ya Uingereza na Wales, Sheria ya Urekebishaji wa Wakosaji ya mwaka 1974. Ilitokana na ripoti ya mwaka 1972 ya kamati iliyoongozwa na Lord Gardiner, ikaanza kutumika Julai 1975. Wazo lake ni kwamba mtu akimaliza adhabu yake, kisha akakaa muda uliowekwa bila kutiwa hatiani tena, ile hatia ya zamani inakwisha muda. Haifutwi. Polisi wanabaki nayo, na akishtakiwa upya mahakama ya jinai inaweza kuiona. Kinachobadilika ni hali yake mbele ya watu wengine: kifungu cha 4 kinataka achukuliwe kama mtu ambaye hakutenda kosa lile, hakushtakiwa kwalo, hakuhukumiwa kwalo.

Ndani ya kifungu hichohicho kuna maneno machache ambayo ndiyo uti wa mgongo wa sheria nzima. Mtu akiulizwa kuhusu mambo yake ya nyuma, swali hilo lihesabiwe kuwa haligusi hatia zilizokwisha muda, na ajibu kwa msingi huo. Soma tena taratibu. Sheria haijakupa ruhusa ya kudanganya, imelibadilisha swali. Mwajiri ameandika "umewahi", lakini kisheria anauliza, "Una hatia ambayo bado haijakwisha muda?" Kwa mteja wangu jibu ni hapana, tena hapana ya kweli. Hata mwajiri akija kujua baadaye, kunyamaza kwake si sababu halali ya kumfukuza kazi.

Wajerumani wamelisema waziwazi zaidi. Sheria yao ya daftari kuu la jinai, kifungu cha 53, inampa mtu haki ya kujiita asiyewahi kuadhibiwa pale hukumu yake isipotakiwa tena kuonekana kwenye cheti cha mwenendo. Naipenda sana namna hiyo. Inampa mtu maneno ya kutamka, haimwachii mzigo wa kufasiri vifungu peke yake usiku akiwa na kalamu mkononi.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo watu wengi hujikwaa. Kwa mtu mzima Uingereza na Wales, tangu mabadiliko ya Oktoba 28, 2023, kifungo kisichozidi mwaka 1 hukwisha muda miezi 12 baada ya adhabu kumalizika. Kifungo cha zaidi ya mwaka 1 hadi miaka 4 hungoja miaka 4. Kinachozidi miaka 4 hungoja 7, ila makosa mazito ya ukatili, ngono na ugaidi yaliyotajwa kwenye orodha maalumu hayana mwisho pale kifungo kinapozidi miaka 4, na kifungo cha maisha hakikwishi kamwe. Kwa waliohukumiwa kabla hawajatimiza miaka 18, muda wa kungoja hukatwa nusu. Zamani ilikuwa ngumu zaidi: hadi mwaka 2014, kifungo chochote kilichozidi miezi 30 kilikufuata hadi kaburini.

Kosa la kwanza la hesabu ni kudhani saa inaanza siku ulipotoka langoni. Mtu amehukumiwa miaka 3, ametolewa baada ya mwaka na nusu, anaanza kuhesabu siku hiyo. Sivyo. Ule muda wa kuwa nje chini ya uangalizi bado ni adhabu. Miaka 3 iishe yote, ndipo ile 4 ianze.

La pili linawaumiza madereva. Faini ya kawaida hukwisha muda miezi 12 tangu siku ya kutiwa hatiani, kwa hiyo aliyetozwa faini kwa kuendesha amelewa hupiga hesabu ya mwaka mmoja na kulala usingizi. Lakini hukumu hiyo iliandikwa pia kwenye leseni yake, na alama ya leseni kwa mtu mzima ina miaka 5. Adhabu zikiwa mbili kwa kosa moja, ile yenye muda mrefu ndiyo inayotawala. Nimewaona watu waaminifu kabisa wakijaza fomu za bima vibaya kwa sababu ya jambo hili dogo.

Na ukitenda kosa jipya kabla la zamani halijaisha, mara nyingi yote mawili hungojana hadi lile la mwisho liishe.

Kwa nini miaka hii na si mingine? Kwa sehemu kubwa ni maelewano ya wabunge, lakini utafiti upo. Mwaka 2009 Alfred Blumstein na Kiminori Nakamura walitoa uchunguzi wa watu waliokamatwa kwa mara ya kwanza jimbo la New York mwaka 1980. Walitaka kujua ni lini hatari ya mtu aliyewahi kukamatwa, asiyerudia, inashuka hadi kulingana na ya watu wengine wa umri wake. Kwa aliyekamatwa akiwa na miaka 18 kwa unyang'anyi, walipata miaka 7.7. Kwa uvunjaji wa nyumba, 3.8. Mwajiri anayeogopa kosa la miaka 14 nyuma anaogopa kitu ambacho takwimu hazikioni tena.

Sisemi kila kitu kifichwe. Anayeomba kufanya kazi na watoto, na wagonjwa wasiojiweza, au kazi ya uwakili niliyo nayo mimi, huulizwa zaidi, na naona ni sawa. Kwa kazi hizo zilizotajwa kisheria, cheti cha rekodi za jinai kinaweza kuonyesha hata hatia zilizokwisha muda. Ubaya ni pale wavu unaponasa kila kitu bila kupima. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilisikiliza kesi ya kijana aliyepewa maonyo ya polisi akiwa na miaka 11 kwa baiskeli mbili za wizi. Maonyo hayo yalijitokeza alipokuwa na miaka 17 akiomba kazi ya muda kwenye klabu ya mpira, yakajitokeza tena alipoomba kusomea michezo chuoni. Miaka mitano baadaye ikaja kesi ya mwanamke anayetajwa kwa herufi P tu. Mwaka 1999, akiwa hana makazi na anaugua skizofrenia ambayo hakuna daktari aliyekuwa ameigundua, alipewa onyo kwa kuiba sandwichi. Baada ya miezi michache akatiwa hatiani kwa kuiba kitabu cha peni 99 na kwa kutofika mahakamani. Akaachiliwa kwa masharti. Alipopata nafuu alitaka kazi ya kuwasaidia walimu darasani. Kwa kuwa hatia zilikuwa mbili, kanuni ya wakati huo ilitaka zote zitajwe daima, kila alipoomba kazi ya aina hiyo. Hebu fikiria analazimika kumweleza nini mwalimu mkuu kwenye usaili: si kitabu tu, ni ugonjwa wake wote. Mwaka 2019 mahakama ikasema kanuni hiyo imevuka kiasi, na Novemba 2020 ikaondolewa.

Jambo ninalolipigania zaidi ni hili: muda ukifika, haki hii ije yenyewe. New Zealand inafanya hivyo tangu Novemba 2004. Miaka 7 bila hatia mpya, kama hukuwahi kufungwa na umelipa faini zako, na kosa lako halimo kwenye orodha iliyotengwa, kumbukumbu inafichwa bila wewe kuomba chochote. Tena ni kosa kwa mtu kukutaka uiweke kando haki hiyo. Kwingine unaomba. Afrika Kusini unangoja miaka 10 kwa makosa madogo, kisha unapeleka maombi. Kanada mtu aliyetaka rekodi yake isitishwe alifika kulipa zaidi ya dola 600 kwa maombi peke yake, hadi ada iliposhushwa kuwa dola 50 Januari 2022. Kuna watu waliongoja miaka mitano, na walipoifikia wakakuta mlango unadai fedha ambazo hawakuwa nazo, kwa sababu rekodi yenyewe ndiyo iliyowanyima kazi.

Jimbo la Michigan lilitupa kipimo cha jambo hili. J.J. Prescott na Sonja Starr walichunguza waliostahili kufutiwa rekodi na kukuta ni asilimia 6.5 tu waliofutiwa ndani ya miaka 5 tangu wastahili. Wengi wa waliobaki hawakukataliwa. Hawakuomba kabisa: hawakujua, au hawakuwa na nauli, ada, wakili, au nguvu za kusimama tena mbele ya hakimu na kutonesha kidonda. Ndiyo sababu nilifurahi Pennsylvania ilipopitisha mwaka 2018 sheria ya kufunga rekodi kwa kompyuta, mwenyewe akiwa nyumbani kwake.

Kuhusu intaneti nitasema kwa kifupi. Sheria inafunga kinywa cha karani, haifungi gazeti la zamani lililoko mtandaoni. Mwaka 2018 wafanyabiashara wawili waliishtaki Google mjini London wakitaka viungo vya habari za hatia zao zilizokwisha muda viondolewe. Mmoja akashinda, mwingine akashindwa, na tofauti kubwa ilikuwa kwamba aliyeshinda alikiri kosa na kulijutia, mwenzake akaendelea kulikana. Anayechapisha hatia iliyokwisha muda kwa nia ya kukudhuru unaweza kumshtaki kwa kukuchafulia jina hata kama alichoandika ni kweli, lakini nia mbaya utaithibitisha wewe.

Turudi kwa mteja wangu. Baada ya kuandika "Hapana" kwenye fomu ya ghala, na kuiangalia kwa muda kana kwamba wino ungebadilika, alitoa fomu nyingine. Alikuwa anataka visa ya kwenda Marekani kumwona dada yake. Akauliza kama na humo aandike hivyohivyo.

Humo, hapana. Sheria ya nchi moja haibadilishi maana ya swali linaloulizwa na nchi nyingine, na fomu ya visa ya Marekani inasema yenyewe kwamba inataka kukamatwa na hatia zote, hata zile zilizosamehewa. Kuficha huko ni udanganyifu wa kweli, na unaweza kumfungia mtu mlango wa nchi ile maisha yake yote. Nikamwambia ile karatasi aliyoikunja mara nne asiichane. Aifupishe iwe mistari sita, atoe habari za mama yake, aweke tarehe na jina la mahakama, na aambatanishe nakala ya hukumu.

Akajaza fomu zote mbili mezani kwangu mchana uleule. Moja ilisema hapana, nyingine ndiyo, na zote mbili alizitia saini kwa mkono uliotulia.