Uvimbe wa titi si saratani? Uliza ni wa aina gani

Uvimbe mwingi wa titi si saratani. Binti wa miaka 20 mwenye kigololi kisichouma, kinachoteleza chini ya kidole, mara nyingi ana fibroadenoma, yaani uvimbe wa tishu za titi usio saratani. Mama wa miaka 40 ambaye matiti yake hujaa na kuuma kabla ya hedhi kisha yakatulia, huenda ana vifuko vya maji tu. Anayenyonyesha, titi likawa jekundu na la moto, anahitaji dawa, na kama ni jipu litolewe usaha; kukandwa kwa maji ya moto hadi ngozi ibabuke si tiba.

Shida huja baada ya majibu. Mgonjwa akishaambiwa “si saratani”, anamshukuru Mungu, anapanda daladala kurudi Mbagala, na ripoti inaishia chini ya godoro. Ripoti hiyo inahitajika, maana uvimbe huu una aina zake.

Vifuko vya maji na fibroadenoma za kawaida haziongezi hatari ya saratani kwa kiasi cha kukukosesha usingizi. Kuna hali ambapo seli zimeongezeka, ila umbo lake bado ni la kawaida. Hapo hatari hufika mara 1.5 hadi 2 ya wanawake wengine. Inayotushughulisha zaidi ni pale seli zilizoongezeka zimeanza kubadilika umbo. Ripoti itataja “atipia”, na hatari huwa karibu mara 4. Usikate tamaa: katika wanawake 100 wa namna hii, takriban 30 hupata saratani ndani ya miaka 25, wengi hawapati. Lakini hatari iko kwenye matiti yote mawili, kwa hiyo kuondolewa uvimbe hakumalizi safari. Utafuatiliwa kila mwaka, na daktari anaweza kukushauri dawa ya kupunguza hatari.

Atipia haipapaswi kwa vidole wala haithibitishwi kwa ultrasaundi. Lazima kinyama kichukuliwe, kiangaliwe kwa darubini. Na hapa wengi hukimbia, wakiamini kwamba uvimbe ukiguswa na sindano “unasambaa” na kuwa saratani. Kuchukua kinyama hakugeuzi uvimbe kuwa saratani.

Ukipewa majibu, iwe Muhimbili, Ocean Road au hospitali ya wilaya, muulize daktari: kuna atipia? Ipige picha ripoti kwa simu yako. Mweleze pia kama mama, dada au shangazi aliwahi kuugua saratani ya titi. Na hata kama ripoti ya zamani ilikuwa safi, uvimbe mpya, chuchu inayotoa damu au ngozi iliyoingia ndani vipimwe upya.