Maana ya masoko ya kidijitali kwa mwenye biashara ndogo

Dada mmoja ninayemfahamu anaoka keki nyumbani kwake Mbagala, Dar es Salaam. Siku moja alinionyesha simu yake kwa uchungu. Alikuwa ameweka Instagram picha ya keki ya ngazi mbili, watu zaidi ya mia mbili wameipenda, na chini yake maoni yamejipanga: "Bei?" "Hii bei gani mamy?" "Bei tafadhali." Kila mmoja kajibiwa kwa maneno yaleyale: "Njoo inbox mpendwa." Waliokwenda inbox ni watatu. Aliyenunua hakuna.

"Mimi naona haya mambo ya mtandaoni ni ya wenye majina," akaniambia. "Sisi wadogo tunamaliza bando tu."

Maneno hayo nimeyasikia pia kwa fundi cherehani, kwa muuza vipuri vya pikipiki, na kwa mama lishe anayepeleka chakula maofisini. Wote wamejaribu, wote wamechoka. Ukikaa nao ukawasikiliza, unagundua kwamba juhudi wanayo tele, ila jambo lenyewe walielezwa nusu.

Tuanze na neno. Katika Kiswahili cha Tanzania "masoko" ni wingi wa soko, mahali pa kuuzia na kununulia. Lakini pia ni ile kazi ambayo kampuni zina idara yake na afisa wake: kumjua mteja, kuamua umuuzie nini, kwa bei gani, umfikishieje, na umjulisheje kwamba unacho. Kenya utasikia zaidi "uuzaji". Masoko ya kidijitali ni kazi hiyohiyo ikifanywa kwa simu na intaneti: Instagram, Facebook, TikTok, WhatsApp, ramani ya Google, tovuti, barua pepe, hata meseji za kawaida. Kwa mwenye biashara ndogo mimi huieleza hivi: ni kumrahisishia mtu mwenye haja ya kitu chako akupate, akuamini, alipe bila hofu, kisha arudi. Tangazo ni kipande kimoja cha safari hiyo, tena cha mwanzoni tu.

Hapo ndipo msemo wetu wa "biashara matangazo" unapowapoteza wengi. Mtu anaposti asubuhi, mchana na jioni, na akiona kimya anaongeza kuposti. Upande wa pili wapo waliokaa kimya kabisa kwa kutegemea kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Barazani ni kweli: sambusa nzuri inajiuza kwa harufu, na mpita njia anamwona mwenzake anavyoila. Simu haina harufu. Mteja aliyeko Tabata hawezi kujua kwamba keki ya Mbagala ni laini mpaka apate cha kumshawishi: picha ya kipande kilichokatwa kikaonyesha ndani, ujumbe wa sauti wa aliyeila, ukubwa kwa idadi ya watu itakaowatosha, na bei.

Nisimame kidogo kwenye bei, maana nina hasira nayo. Wafanyabiashara wengi wanaamini kwamba ukificha bei, mteja atalazimika kuja inbox, na akishakuja utamvuta kwa maneno. Wengine wanaogopa washindani. Mshindani akitaka kujua bei yako atakuuliza inbox kama mteja, wala hutamjua. Anayeumia ni mteja halisi. Yuko kwenye daladala, ana shilingi elfu arobaini za keki ya mwanawe, ameona kurasa tano. Mmoja ameandika "kilo moja 35,000, tunaleta kwa boda", wanne wameandika "bei inbox". Ataandika kwa nani? Na kuna jambo ambalo muuzaji halioni: kwa wengi wetu "bei inbox" maana yake ni kwamba bei inategemea nitakavyoonekana nina uwezo. Mtu anahisi anapimwa mfuko kabla ya kuhudumiwa. Kama bei yako inabadilika kulingana na ukubwa au kitambaa, andika inapoanzia. "Kuanzia 35,000" inatosha kumfanya mtu ajue kama mlango huu ni wake.

Dhana nyingine iliyojikita ni ya wafuasi. Watu wanahesabu wafuasi kama mfugaji anavyohesabu ng'ombe, na wapo wanaonunua, elfu tano kwa bei ya chakula cha mchana. Nawasihi wasifanye hivyo. Chapisho lako haliwafikii wafuasi wote. Mitandao hii inamchagulia kila mtu vitu vya kuona kwa kuangalia amezoea kugusa nini na anahusiana vipi na ukurasa husika. Wafuasi wa kununua ni akaunti zisizo na watu nyuma yake, au watu wa mbali ambao keki yako hawataionja milele. Hawagusi kitu, na kimya chao kinauambia mfumo kwamba ukurasa wako haupendezi. Wafuasi mia tatu wa Temeke na Kigamboni wana thamani kuliko elfu thelathini wasiojulikana waliko.

Ndiyo maana pia si kweli kwamba mtandao ni bure. Zamani kidogo ukurasa wa biashara Facebook uliweza kuwafikia watu wengi bila kulipa. Januari 2018 Mark Zuckerberg, mwanzilishi wa Facebook, alitangaza kwamba mtandao huo utayapa kipaumbele machapisho ya ndugu na marafiki mbele ya yale ya biashara na vyombo vya habari. Tangu hapo anayetegemea kuposti peke yake anapanda mlima. Kufungua akaunti hakuna ada, lakini bando, muda wa kupiga picha nzuri mchana wakati mwanga upo, na muda wa kujibu watu saa nne usiku vina gharama. Ukiviona ni bure utavitumia ovyo.

Basi watu wanakimbilia kubusti, yaani kulipia chapisho lisambazwe. Hapa kuna kosa ambalo ningependa kila mwenye duka alielewe, kwa sababu linakula fedha kimyakimya. Mfumo wa matangazo unakutafutia watu wa kufanya kile ulichokiomba. Ukichagua lengo la kupata mguso mwingi, utaletewa watu wenye mazoea ya kubonyeza moyo na kupita. Ukichagua lengo la kupata meseji, utaletewa wenye mazoea ya kuandika. Sio watu wale wale. Dada wa keki alipolipia mara ya kwanza alibonyeza kitufe na kukubali kila kilichokuwa kimeshajazwa. Eneo alilolipia lilikuwa Tanzania nzima. Tulipofungua taarifa za tangazo pamoja tukakuta sehemu kubwa ya fedha yake imekwenda kuonyesha keki kwa watu wa Mwanza, Mbeya na Dodoma, wakati yeye hapeleki keki hata Bagamoyo. Hakuwa ametapeliwa na mtu. Aliomba bila kujua anaomba nini.

Na baada ya tangazo, hesabu. Tuseme umelipa shilingi 30,000, watu 40 wamekuandikia, 6 wamenunua. Kila mnunuzi amekugharimu shilingi 5,000. Kama keki moja inakuachia faida ya 15,000, tangazo limelipa. Kama unauza chapati na maharage kwa faida ya 2,000 kwa oda, umepata hasara ya 3,000 kwa kila mteja, isipokuwa mteja huyo arudi mara ya pili na ya tatu. Sasa angalia wale 34 walioandika wasinunue. Walikatikia wapi? Mara nyingi jibu limo ndani ya mazungumzo yenyewe: aliuliza saa tatu asubuhi, akajibiwa saa kumi na moja jioni.

WhatsApp Business, programu iliyotoka Januari 2018, inasaidia sana hapo, na haina malipo ya kuipakua. Ina majibu ya haraka unayoyaandika mara moja ukayatuma kwa herufi chache, ina ujumbe wa kumwambia mteja kwamba sasa hivi haupo, ina katalogi ya bidhaa na bei, na ina lebo za kutenganisha aliyelipa na anayesubiri. Nawaona wengi wameiweka lakini wanaitumia kama WhatsApp ya kawaida.

Wengine wanaamini kwamba kuwa na namba za watu ndiyo ruhusa ya kuwatumia matangazo. Wanawaingiza kwenye makundi bila kuwauliza, wanawamwagia picha hamsini usiku. Kwanza kiufundi: ile orodha ya WhatsApp ya kutuma ujumbe kwa watu wengi kwa pamoja (broadcast) inaishia watu 256, na ujumbe unamfikia yule tu aliyeihifadhi namba yako kwenye simu yake. Asiyekuhifadhi haupati, hata ukituma kila siku. Kwa hiyo kazi yako ni kumpa mteja sababu ya kukuhifadhi, kwa mfano kumwambia "hifadhi namba yangu, nitakutumia menyu ya wiki kila Jumapili". Pili ni sheria. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Namba ya mteja ni taarifa yake binafsi. Aliyekupa ili umletee gesi hajakupa ili umuuzie na mafuta ya nywele. Nami nadhani hata kama sheria isingekuwepo, adabu ingetosha.

Kuna wanaoona kazi hii inamhusu mwenye duka la nguo tu, kwa kuwa nguo zinapigwa picha. Fundi friji, muuza mbao au kinyozi ana njia rahisi kuliko wote na wachache wanaitumia: kujiandikisha kwenye ramani ya Google. Ni bure kweli. Mtu ambaye friji lake limezimika na nyama ndani haendi Instagram kutazama video. Anaandika "fundi friji Mbagala" na kumpigia wa kwanza anayeonekana yuko karibu na ana maoni mazuri. Huyo ameshaamua kulipa. Anatafuta wa kumlipa. Hakikisha alama iko mtaa sahihi, saa za kufungua ni za kweli, na kila uliyemridhisha umwombe aandike sentensi mbili.

Lipo jingine dogo ambalo sijaliona likizungumzwa, nalo linafukuza watu mlangoni kabisa. Mteja ameshawishika, anaingia kulipa kwa simu, linatokea jina ambalo halifanani hata kidogo na jina la ukurasa. Labda ni laini ya shemeji yako. Wewe unajua ni halali. Yeye anakumbuka alivyotapeliwa mwaka jana, na anafuta muamala. Pata Lipa Namba, yaani namba ya kupokelea malipo ya simu, kwa jina la biashara, au mwambie mteja mapema jina litakalotokea.

Kuhusu kusambaa kwa ghafla, ile video moja itakayotazamwa na nchi nzima, nitasema kidogo. Inatokea, haipangiki, na mwokaji mwenye jiko moja hawezi kupokea oda mia tano kwa siku bila kuharibu jina lake.

Dada wa keki hatukumwongezea chapisho hata moja. Tulibandika bei juu ya ukurasa wake, tukaandika maeneo anayopeleka na nauli ya boda kwa kila eneo, na tangazo lililofuata akalifungia Temeke, Kigamboni na Ilala kwa lengo la meseji. Akanunua daftari la kurasa mia. Kila anayelipa anamuuliza swali moja, "Umenipata wapi?", na anaandika jibu mbele ya jina. Juzi nililifungua. "Tangazo" lipo mara kadhaa, "Google" mara mbili. Jibu linalojirudia zaidi, ukurasa baada ya ukurasa, ni "nilikula kwenye sherehe ya fulani, nikaomba namba". Sasa kila keki inayotoka kwake ina kadi ndogo kwenye boksi, yenye namba yake ya WhatsApp kwa maandishi makubwa.