Hamu na msisimko si kitu kimoja: somo la mishipa kutoka kwa sungura

"Moyo unataka, somo, mwili ndio haujibu." Bi mkubwa mmoja wa Wete, Pemba, aliyekuwa somo wangu mimi pia, yaani kungwi, aliambiwa hivyo na mwari wake wa zamani, aliyemfunda zamani hizo, mwanamke keshazaa watoto wanne na sasa ana sukari. Somo alimpa ushauri anaoujua: udi, liwa, kupunguza mawazo. Haukufaa, na mwari akaanza kujiona mkosa.

Mwari mwenyewe alishaligusa jambo lenyewe bila kujua. Hamu ni ile ya moyoni, kutaka. Msisimko ni kazi ya mwili, na kazi hiyo kwa sehemu kubwa ni ya damu. Ndani ya kinembe mna nyama za sponji kama zilivyo za uume; damu ikiingia, zinatuna. Uke nao hauna tezi ukutani mwake. Unyevu unaotoka wakati wa msisimko, sehemu yake kubwa ni majimaji ya damu yanayopenya ukutani mishipa midogo inapojaa. Damu ikija kidogo, na maji yatakuwa kidogo, hata kama mapenzi yamejaa nyumba.

Mshipa haujifungui wenyewe. Hufunguliwa na gesi iitwayo nitriki oksaidi, inayotolewa na neva na pia na utando mwembamba uliotandikwa ndani ya mshipa. Kazi ya utando huo iligunduliwa kwa sungura. Robert Furchgott wa Marekani alikuwa akikata vipande vya mshipa mkuu wa sungura na kuvitilia dawa. Vipande vilivyokwanguliwa utando kwa bahati mbaya vilikataa kulegea, vile vilivyobaki na utando wao vikalegea. Alichapisha habari hiyo mwaka 1980, na mwaka 1998 akapata Tuzo ya Nobel pamoja na Louis Ignarro na Ferid Murad. Sukari, presha, sigara na mafuta kwenye damu huuharibu utando huohuo.

Ndipo mwaka 1997 Kwangsung Park, Irwin Goldstein na wenzao wa Boston walipotoa taarifa ya sungura majike. Mishipa inayopeleka damu kwenye nyonga ilikwaruzwa kwa puto dogo, kisha wanyama wakalishwa chakula chenye kolestro nyingi mpaka mishipa ikaziba. Neva ya nyonga iliposhtuliwa kwa umeme, damu iliyofika ukeni na kwenye kinembe ilikuwa kidogo kuliko ya sungura wazima. Nyama zenyewe zilikuwa zimeota nyuzi ngumu. Hapo ndipo dhana ilipopata sura: upungufu wa msisimko utokanao na mishipa. Majaribio mengine ya sungura walioondolewa ovari yalionyesha kuwa homoni ya estrojeni ikishuka, damu ya huko nayo hupungua. Wanawake waliokoma hedhi watakuwa wanaitikia kwa vichwa.

Nilipomsimulia somo, alinyamaza kidogo, akaweka chini kikombe cha kahawa. "Sasa huyo sungura, mwenyewe alikuwa anataka?"

Alikuwa kalala, kapigwa kaputi. Dume hakuwepo, wala chaguo hakuwa nalo. Swali la somo limeufika mpaka wa utafiti wote huu: sungura anaweza kutuambia habari za bomba, za moyo hawezi. Viagra, dawa ya nguvu za kiume iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1998, hufanya kazi kwa kuisaidia njia hiyohiyo ya nitriki oksaidi. Pfizer, kampuni iliyoitengeneza, waliijaribu kwa wanawake pia, na mwaka 2004 wakaacha, maana matokeo hayakuridhisha. Kuongeza damu pekee hakukutosha. Mimi sioni kuwa hilo linaubatilisha utafiti wa sungura. Linaonyesha tu kuwa hamu na msisimko vinahitaji kuulizwa kila kimoja kwa swali lake.

Na kuuliza ndiko kunakokosekana. Mwanamume mwenye sukari akienda kliniki huenda akaulizwa habari za nguvu zake. Mwari wa Wete hakuwahi kuulizwa chochote kwa miaka yote aliyokwenda kupima. Mara ya mwisho alisema mwenyewe, huku anatazama sakafu: "Nakauka, daktari." Daktari akaacha kuandika, akavuta kiti karibu, akamuuliza tangu lini.